Mofa ya Mpita Njia

Jirani yetu Bi Mashavu alitusimulia, tena kwa kuapa na kujipiga kifua, kwamba Mkuu wa Sote alishuka garini kwa miguu yake mwenyewe, akaja mpaka kwenye tanuri letu, akamwambia, "Mama, nina njaa," na yeye Bi Mashavu akampa mofa kwa mkono wake wa kulia. Anasema Mkuu aliiuma, akafumba macho, machozi yakamlengalenga, akasema inamkumbusha mama yake mzazi. Halafu akamwuliza jina, na msafara mzima wa magari thelathini na nane ukazima injini ili jibu lisikike vizuri.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nachochea kuni. Mkuu hakushuka, hakulia, wala hakumwuliza mtu jina. Gari lake lilisimama kwa sababu mbuzi wa watu alikuwa amelala katikati ya barabara, na walinzi walikuwa wanashauriana kama mbuzi anaweza kupewa amri. Kioo kikashuka. Mkono ukatoka, ukaichukua mofa iliyokuwa kwenye ungo ukingoni mwa baraza, ukarudi ndani. Tukasikia mtu anatafuna. Kisha sauti ikasema, "Mofa ndiyo hii." Kipande kilichobaki kikatupwa nje, kioo kikapanda, mbuzi akaamka kwa hiari yake, na msafara ukaenda zake.

Ni hayo tu. Lakini katika Jamhuri ya Sote, maneno matatu ya Mkuu ni mengi sana.

Kwa asiyetujua, mji wetu ni Tanurini, na mofa ndiyo mkate wetu: mdogo, wa mviringo, wa unga wa mtama, unaobandikwa ndani kwenye ukuta wa tanuri la udongo mpaka uive na mgongo wake ukauke. Mwanamke wa Tanurini utamjua kwa mkono. Sote tuna makovu ya moto juu ya kifundo.

Tanuri ni moja kwa mtaa, na mofa zikishabandikwa zinafanana kama vifaranga, kwa hiyo kila mmoja anatia alama yake. Sisi wa Kilimani tunabonyeza dole gumba katikati, shimo lake tunaliita kitovu. Wa Bondeni wanakwaruza mistari mitatu kwa kucha. Hilo ndilo lilikuwa gomvi letu tangu enzi za bibi zetu, na lilikuwa gomvi tamu. Bi Mashavu alizaliwa Bondeni akaolewa kwetu Kilimani, nyumba ya pili kutoka kwetu, na kucha zake alikuja nazo.

"Mashavu," Shangazi Tumu atamwambia, "leo mofa zako zimeparuliwa na paka?"

"Bora paka, shoga. Zako zina shimo kama soksi ya bwana harusi wa kuazima."

"Shimo linashika mchuzi!"

"Linashika na nzi."

Na wote watacheka, na wataazimana chumvi.

Ila mofa ya kwanza kutoka haina alama. Kila mwanamke aliyepo anachomoa kidonge kwenye donge lake, vidonge vinafinyangwa pamoja, inabandikwa mofa moja, na ikiiva inawekwa ukingoni kwa ajili ya mpita njia. Mpita njia yeyote. Haulizwi anatoka wapi, na sisi hatusemi "ile ni yangu." Ndivyo tulivyolelewa. Siku ile mkono wa Mkuu ulipotoka garini, tulikuwa wanawake saba pale tanurini, na kila mmoja alikuwa ametoa kidonge chake.

*

Wiki haikuisha, redio ikatangaza kwamba Wizara ya Fahari imeongezewa jukumu na sasa ni Wizara ya Fahari na Mikate. Waziri alizungumza saa nzima na robo. Alisema: "Ndugu wananchi, mataifa mengine yana milima, yana mito, yana madini. Sisi tuna mofa. Mkuu ameshatuambia kwamba mofa ndiyo hii. Kazi iliyobaki mbele yetu, ambayo ni ndogo sana, ni kujua hii ni ipi."

Ikaundwa Tume ya watu kumi na tisa. Mwenyekiti wake alikuwa mtaalamu wa madaraja, kwa sababu tanuri nalo lina mdomo wa duara kama tao la daraja. Katika wote kumi na tisa hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuungua mkono.

Kwanza walitafuta kile kipande kilichotupwa. Kilipatikana siku ya pili mtaroni, kuku wa Bi Mashavu anakidonoa. Kipande kikatiwa ndani ya sanduku la kioo, askari wawili wakawekwa kukilinda, na kuku akachukuliwa kama shahidi. Siku ya tatu sisimizi wanne walionekana ndani ya sanduku, nao wakashikiliwa kwa mahojiano. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bi Mashavu alikwenda kudai kuku wake, akaambiwa kuku anaendelea kutoa ushirikiano.

"Ushirikiano gani?" akauliza. "Yule hata mayai anataga kwa kubembelezwa."

Kisha zikaja fomu. Fomu ya Kudai Mofa, nakala saba, na mwisho wa kila nakala dole gumba lako kwenye wino. Aliyezileta ni Bwana Ngwali, Afisa Fahari wa Wilaya, mtu mnene, mpole, aliyekuwa anafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa na anakifuta tena akiinuka. Kilimani walipanga mstari upande huu wa barabara, Bondeni upande ule, na katikati wakawa wanarushiana maneno ambayo hata mimi nina haya kuyaandika. Wanawake ambao hawajawahi kukanyaga mtaa wetu waliapa kwamba ile mofa waliikanda wao. Mwanamume mmoja mvuvi wa kamba wa Bondeni naye akaapa.

Nilingoja zamu yangu toka asubuhi. Nilipofika nikamwambia, "Bwana Afisa, mimi sidai. Nataka kusema tu kwamba ile mofa haikuwa na alama."

Akanigeuzia fomu. "Binti, soma. Kuna visanduku vingapi?"

"Viwili."

"Vimeandikwaje?"

"Kitovu. Mistari."

"Sanduku la 'haina' umeliona wapi?"

"Halipo."

"Basi na hiyo mofa haipo," akasema, akatabasamu, akaita wa nyuma yangu.

Jioni ile nilimkuta Shangazi Tumu anasugua wino kwenye dole kwa ndimu.

"Shangazi, umesaini?"

"Nimesaini."

"Lakini ile ilikuwa ya mpita njia."

"Zawena, mimi nimekufundisha hayo au umenifundisha wewe?" Hakuniangalia. "Najua ilikuwa ya nani. Lakini tukinyamaza sisi, Bondeni watasema. Wameshajaza fomu mia nne. Unataka tule mistari maisha yetu yote?"

Shangazi Tumu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa mtunza tanuri la mtaa miaka ishirini na mbili na sikuwahi kumsikia anasema "ile ni yangu," hata kwa sufuria. Siku ile alilisema mara saba, kwa wino.

*

Tume ilikaa miezi minne, ikila mofa asubuhi na jioni kwa ajili ya uchunguzi. Walikuja wembamba wakaondoka wakiwa wamefungua vifungo. Taarifa yao ilisomwa uwanjani. Walisema kipande kilichosalia hakina katikati. Kama hakina katikati, basi katikati iliumwa. Na kama Mkuu aliuma katikati, basi katikati palikuwa na kitu kilichomvuta. Kitu hicho hakiwezi kuwa kingine ila kitovu.

Kilimani walipiga vigelegele. Shangazi Tumu akatangazwa Mama wa Mofa ya Taifa, akapewa cheti kikubwa kama mlango wa choo, dole lake limechapwa katikati kwa wino wa dhahabu. Siku ile alicheza ngoma barabarani kama msichana, na mimi nilifurahi kumwona vile. Sitasema uongo.

Wiki iliyofuata walikuja kulipima lile dole. Walipima urefu, upana, kina, na jinsi linavyopinda. Wakalichovya kwenye plasta, wakaondoka na umbo lake, na baada ya mwezi kila nyumba ikaletewa dole la mti lenye namba. Likaitwa Dole la Serikali. Ikawa marufuku kubonyeza mofa kwa dole lako mwenyewe. Hata Shangazi alipewa la mti.

"Lakini hili ni langu," akasema, akinyanyua mkono.

"Hilo lilikuwa lako, Mama," Bwana Ngwali akamjibu kwa heshima. "Sasa ni kielelezo. Usilitumie ovyo."

Bondeni wakaamriwa kukata kucha. Kila Jumatatu wanawake walipanga mstari kwenye uwanja wa shule, wazee kwa vijana, wamenyoosha mikono mbele, na mkaguzi anapita na rula. Watoto wa shule walikuwa wanachungulia madirishani, mwanzoni wakicheka. Na mofa isiyo na alama ikapigwa marufuku kabisa, maana haijulikani ni ya nani wala imekusudia nini. Mpita njia akiwa na njaa anatakiwa kuomba kibali.

Siku ya kwanza baada ya ukaguzi, Bi Mashavu alikuja tanurini na kucha zake zimekatwa mpaka nyama inaonekana. Alikanda polepole. Shangazi akamsogezea chumvi bila ya kuombwa.

"Hongera, shoga," Bi Mashavu akasema.

"Nisamehe, Mashavu."

"Nikusamehe nini? Ningeshinda mimi, sasa hivi wangekuwa wanakata madole yenu." Akabandika mofa yake, akarudisha mkono. "Ila ile ilikuwa ya mpita njia, Tumu. Unajua na mimi najua."

"Najua."

Hawakutaniana tena. Tanuri likawa kimya, unasikia kuni tu.

*

Halafu Mkuu hakuonekana.

Mwanzoni hakuna aliyejali, Mkuu ana kazi nyingi. Lakini siku ya Sherehe ya Sote kiti chake kilikuwa na picha yake tu, na picha ikapigiwa saluti, ikahutubiwa, ikapepewa na wasichana wawili kwa sababu ya jua. Kesho yake redio ikaanza kupiga matarumbeta. Matarumbeta asubuhi, mchana, bila ya tangazo la vifo wala bei ya mahindi. Siku ya nne sauti ya Waziri ikatoka ikasema: "Mkuu wa Sote ni mzima wa afya kabisa, na ameanza kunywa uji." Matarumbeta yakarudi.

Watu wakaanza kuzungumza kwa nyusi. Sokoni mtu akiuliza, "Uji?" mwenzake anatazama viatu vyake. Mtu mmoja, hajulikani nani, akasema tumbo. Mwingine akauliza, tumbo lilianza lini? Na katika mji mzima wa Tanurini kila mwanamke akahesabu miezi kwa vidole vyake, vyenye kucha na visivyo na kucha, akafika kwenye ile siku ya mbuzi.

Ndipo Bwana Ngwali akarudi. Jalada lilikuwa lile lile, fomu zile zile, muhuri tu ndio ulikuwa mpya. Wizara sasa iliitwa ya Usalama na Mikate. Akafuta kiti, akakaa, akasema anatafuta aliyeikanda ile mofa.

Ningependa mngeona jinsi mji ulivyosahau. Wanawake waliokanda mtama tangu hawajavunja ungo wakauliza mofa ni kitu gani. Mmoja akasema kovu la mkononi ni la pasi. Yule mvuvi wa kamba akaleta mashahidi kwamba wakati ule alikuwa baharini. Bondeni ndio waliofurahi: fomu zao mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimekataliwa kwa barua rasmi, na barua zile walizozichana nusu kwa hasira waliziunga kwa uji wa ngano, wakazitundika milangoni. Bi Mashavu yake aliitia fremu. *Tunasikitika kukufahamisha kwamba mofa haikuwa yako.* Alikuwa anaifuta vumbi kila asubuhi.

Sisi mlangoni kwetu tulikuwa na kile cheti kikubwa chenye dole la dhahabu. Nilitaka kukishusha. Shangazi akanizuia.

"Kiache. Ukikishusha watauliza kwa nini kimeshushwa."

"Tuseme basi, Shangazi. Tuseme haikuwa yako."

"Nimetia dole mara saba kwamba ni yangu, mwanangu. Nitawaambia nilikuwa nasema uongo? Kwa serikali?" Akacheka kidogo. "Hilo nalo lina fomu yake, nimeuliza. Zimekwisha."

Walikuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua limeshapanda na watu wako njiani. Hawakupiga mtu, hawakupaza sauti. Bwana Ngwali alivua kofia, akasema, "Mama wa Taifa, gari linakungoja." Shangazi alikuwa ameingiza mikono kwenye unga mpaka kwenye viwiko. Akaomba anawe.

"Njoo hivyo hivyo," Bwana Ngwali akamwambia. "Unga ni ushahidi."

Akaenda hivyo, mikono ameinyanyua mbali na nguo ili asizichafue, kama mtu anayebeba mtoto asiyeonekana. Njia nzima watu walikuwa wanaangalia upande wa pili. Donge lake nililifunika kwa kitambaa. Lilikaa pale siku mbili, likaumuka, likafurika, likaanguka.

*

Jumanne ndiyo siku ya maulizo. Wiki ya kwanza nilikwenda, Bwana Ngwali akaniambia Shangazi anaendelea kutoa ushirikiano. Maneno yale nilikuwa nayajua, na yule kuku hakurudi. Wiki ya pili jibu lile lile. Ya tatu na ya nne pia.

Wiki ya tano nikaamua kusema yote. Nikamweleza vidonge, nikamweleza mpita njia, nikamweleza kwamba sisi tangu kale mofa ya kwanza hatuitii alama. Safari hii hakunikatiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemeza kidevu kwenye mkono.

"Kwa hiyo haikuwa ya Tumu peke yake?"

"Haikuwa ya mtu, Bwana Afisa. Ilikuwa ya wote tuliokuwepo."

"Mlikuwa wangapi?"

"Saba," nikasema.

Lilipotoka neno lile nikatamani kulirudisha. Bwana Ngwali akachukua karatasi safi, akachukua rula, akapiga mistari saba, imenyooka vizuri, kila mmoja na namba yake. Akanisogezea na kalamu.

"Hizi ndizo habari njema," akasema. "Kosa la mtu mmoja ni zito sana, binti yangu. Tukiligawa kwa saba, kila mmoja anapata kidogo tu. Nenda nayo nyumbani. Andika polepole, mwandiko usomeke."

Nilitembea nayo nimeikunja kifuani. Bi Mashavu alikuwa ananingoja kwenye ua, sijui nani alimwambia.

"Umewaambia nini, Zawena?"

"Sijawaambia jina la mtu."

"Mimi siku ile sikuwepo tanurini. Nilikuwa naumwa jino. Uliniona wewe?" Akaonyesha mlango wa nyumba yake. "Mwanangu, nina wajukuu watatu mle ndani. Uliniona?"

"Sikukuona, Bi Mashavu."

"Basi." Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa upande wa khanga. Baadaye akasema, taratibu sana, "Naye je, Tumu?"

Wiki nzima nililala na ile karatasi chini ya mto. Nilikuwa naiangalia mistari, nasema, huu ni wangu mimi, huu nitauandika, halali yangu. Lakini mstari wa kwanza ukijazwa, sita iliyobaki inaonekana mitupu zaidi. Wenye wajukuu, mwenye mimba, bibi yule asiyeona vizuri ambaye alileta kidonge chake akiongozwa mkono. Upande wa pili, Shangazi Tumu na mikono yake ya unga.

Jumanne nikarudi, nikaiweka juu ya meza. Bwana Ngwali akaigeuza, akaigeuza tena.

"Haina kitu."

"Ndiyo, Bwana Afisa."

"Uliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"Darasa la saba wanajua kuandika majina."

"Wanajua."

Akaniangalia bila ya hasira, kama mtu anayekadiria kimo cha mlango. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya jalada, na jalada akaliandika jina juu. Kwa pale niliposimama sikuweza kusoma ni la nani.

Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo jipya: ndugu wanaruhusiwa kuleta furushi moja tu, na halitabadilishwa. Nilikuwa nimekuja na mawili. Nikayapandisha juu ya kaunta, moja huku, moja huku.

"Sikuombi umwachie," nikamwambia. "Sikuulizi yuko wapi. Hili lina khanga mbili na gauni jepesi. Hili lina sweta na blanketi. Yeye ana kifua, baridi ikimpiga hapati pumzi, na joto likizidi anavimba miguu. Nataka nijue tu nikuachie lipi."

Bwana Ngwali akachukua muhuri, akaupuliza kwa pumzi yake, akaugonga kwenye karatasi nyingine. Akainua macho, akatazama juu ya bega langu.

"Anayefuata."

Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Benchi lilikuwa tupu mpaka mlangoni.

"Bwana Afisa," nikasema, "huko aliko kuna baridi, au kuna joto?"